Sindano ya Balozi Kondo

Balozi Kondo Mwinyimadi hakuogopa kitu, na kama ulikuwa hujui, angekuambia mwenyewe. Alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya cha ujamaa pale Vihingo, kiongozi wa kundi la kisomo la Mtu ni Afya, na mtu pekee kijijini aliyemiliki filimbi. Jioni aliwakusanya watu uwanjani, redio ikakalishwa kwenye kiti na binadamu wakakalishwa chini, kisha akawasomea kitabu. Chemsheni maji. Chimbeni vyoo. Mwenye mafua asikohoe usoni mwa mwenzake. Mgonjwa asifichwe ndani, apelekwe hospitali.

"Hospitali hakuna jini," alipenda kuongeza, jambo ambalo kitabuni halikuwamo. "Kuna sindano tu. Na sindano ni nini? Mbu aliyesoma!"

Watu walicheka, wakaenda kuchimba vyoo, maana asiyechimba alipigiwa filimbi mlangoni alfajiri mpaka achimbe.

Masika ya mwaka sabini na nne yalipoanza, Mwamini, binti yake Kondo wa miaka mitano, alinyeshewa akitoka kisimani na mama yake. Akaanza na mafua, kama mtoto yeyote. Lakini watoto wengine mafua yao huishia puani. Ya Mwamini yalishuka mifupani. Macho yalimgeuka manjano, vidole vikamvimba, akawa analia kwa sauti ndogo ya mtu aliyekwisha kuzoea kulia. Mwanajuma, mama yake, alimkanda kwa maji ya moto, akamfunika kanga juu ya kanga, akamnywesha uji kwa kijiko. Alikwisha kuzika wawili kwa dalili hizi hizi.

Bi Tatu, mama mzazi wa Kondo, alikuwa amekaa kizingitini akichambua choroko na kuchambua watu.

"Wa kwanza hivi hivi. Wa pili hivi hivi. Nyumba hii ina mtu anakula watoto, ila mimi mtu simtaji."

Hakuwa na haja ya kumtaja. Nyumba ilikuwa na yeye mwenyewe, mwanawe, mjukuu mgonjwa, na Mwanajuma. Hesabu hiyo hata redio ingeiweza.

Lakini Bi Tatu alikuwa na kikwazo kimoja. Mwanajuma hakuokotwa njiani. Alikuwa binti wa Mzee Mwishehe wa Maneromango, kaka yake Bi Tatu, tumbo moja. Bi Tatu ndiye aliyemfuata kwa miguu, akamposea mwanawe, akajisifu kijiji kizima kwamba ameoza nyumbani, damu kwa damu, na mali haikutoka nje ya mlango. Kwa hiyo hakuweza kusema damu ya Mwanajuma ni mbovu bila kuigusa yake. Alichofanya ni kumsukumia lawama mama yake Mwanajuma, mwanamke wa Utete aliyekwisha kufa siku nyingi na asiyeweza kujibu.

"Damu ya kwa kaka yangu ni safi," alisema. "Ila iliingia maji ya Rufiji."

*

Mwanajuma hakungoja ruhusa. Alimbeba mtoto mgongoni, akapanda lori la mkaa mpaka Mlandizi, na kutoka hapo basi mpaka hospitalini Kibaha. Kule alipokewa na Daktari Didas, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa na tabia ya ajabu kwa mtu msomi: alisikiliza mpaka mwisho.

Alimwekea Mwamini dripu, akamtoa damu yeye na mama yake, akaenda kuiangalia. Aliporudi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama Mwamini, mwanao hajalogwa. Ana ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Chembe zake zikipata baridi, au homa, au kiu, zinajikunja kama mundu, zinaziba njia. Ndiyo maumivu hayo. Huu ugonjwa hauambukizi. Mtoto anaurithi."

"Kwangu?" Mwanajuma aliuliza.

"Kwako nusu. Wewe unayo alama tu, haikuumizi. Lakini mtoto hawezi kuugua hivi mpaka apokee alama kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Kwa hiyo nataka tone la damu ya baba yake, nijue kwa yakini, niwaeleze wote wawili namna ya kumtunza, na kama mtapenda kuzaa tena mzae mnajua. Aje mwenyewe."

Mwanajuma alirudi nyumbani na furaha ya ajabu. Miaka yote aliitwa mla watoto, na sasa mtu mwenye miwani amemwambia ni nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa na mwenyewe.

*

"Mimi?" alisema Kondo.

"Wewe, baba Mwamini. Tone tu."

"Nina kikao cha kata."

"Siku gani?"

"Siku hiyo hiyo."

"Sijasema siku."

Kondo alikohoa. Alisimama, akafunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Kisha ikaanza hotuba: kwamba damu ya kiongozi si ya kumwagwamwagwa, kwamba kuna watu wanakusanya damu za watu na kwenda kuziuza, kwamba yeye binafsi haogopi, ila anafikiria taifa. Mwanajuma alimwacha amalize. Aliwahi kumwona mumewe huyu, mwaka ule wa chanjo ya ndui, akikimbilia kwenye mihogo huku ameshika filimbi mkononi. Alinyamaza mwaka ule, na angenyamaza tena. Mke huficha mengi, na mengi yenyewe ndiyo kama hayo.

Usiku huo Kondo alikuja na ufumbuzi, na alijivunia kama amepasua mwamba.

"Aende Kibwana."

Kibwana alikuwa mdogo wake, seremala, mtu mrefu mpole asiyejua kukataa.

"Kwani mtoto ni wa Kibwana?" Mwanajuma aliuliza. "Daktari kamtaka baba."

"Mimi na Kibwana tumelala tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Ukichota kisima kimoja kwa ndoo mbili, utaniambia ni maji mawili? Akichomwa yeye nimechomwa mimi. Ila akiitwa aitike jina langu, hawa madaktari wanapenda kusumbua. Na mama asijue."

Elimu hiyo hata kwenye kitabu cha kisomo haikuwamo, lakini ilisikika kama kweli. Nani Vihingo asiyejua kwamba ndugu ni damu moja? Mwanajuma naye alijua hivyo. Tena mtoto alikuwa anangoja, na kubishana na Kondo ni kazi ya siku nzima. Akakubali.

Kibwana akaenda. Nesi akaita, "Kondo Mwinyimadi!" Kibwana akaitika, "Naam," akatoa mkono, akachomwa, wala hakukunja uso. Waliambiwa warudi wiki ijayo kwa majibu.

Wiki ile Kondo alikuwa mtu mpya. Kwenye kisomo alilikunja shati mpaka begani, akawaonyesha watu alama ndogo ambayo ilikuwa ya mwiba wa mlimau.

"Sindano ndefu hivi! Mwangalieni balozi wenu. Nilipepesa jicho? Muulizeni mke wangu!"

Watu walimgeukia Mwanajuma. "Hakupepesa," alisema, na huo ukawa mwanzo wa balaa lake.

*

Siku ya majibu Kondo alikuwa na kikao tena, Kibwana alikuwa na milango ya shule ya kumalizia, kwa hiyo aliyefuatana na Mwanajuma kumsaidia kumbeba mtoto alikuwa Bi Tatu. Daktari Didas alimwomba bibi atoke nje kidogo. Bibi alitoka kidogo kweli. Alisimama nje ya mlango na sikio likabaki ndani.

Daktari alishusha sauti.

"Mama Mwamini, nakuuliza kwa stara, na jibu lako litabaki humu. Damu yako ina alama, nilikwisha kukuambia. Ya mumeo nimeiangalia mara mbili. Haina alama hata kidogo. Mtu wa damu ile hawezi kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu. Yule niliyempima, ndiye baba wa mtoto?"

Mwanajuma alifungua kinywa. Jibu lilikuwa rahisi, maneno manne tu, yule si mume wangu, lakini kabla halijatoka mlango ulifunguka na Bi Tatu akaingia mikono kichwani.

"Nimesikia! Wallahi nimesikia! Kumbe si kula watoto tu, na kuwaokota!"

"Shangazi, ngoja, yule aliyepimwa..."

"Usiniite shangazi! Damu ya mwanangu haimo, mzungu wa darubini kasema!"

Daktari Didas hakuwa mzungu, alikuwa mtu wa Moshi, na alijaribu sana kusema neno. Lakini Bi Tatu alikwisha kutoka, na basi la Mlandizi lilikuwa limejaa watu wenye nafasi ya kusikiliza. Walipofika Mlandizi, dereva, utingo, na kina mama wenye vikapu vya nazi walikuwa wanaijua habari kuliko daktari. Mwanajuma alikaa kiti cha nyuma, mtoto mapajani, kanga ameivuta mpaka machoni. Mama mmoja alihamisha kikapu chake kisimguse.

*

Alijipa moyo kwamba nyumbani kuna Kondo. Mwanamume anayejua kwamba hakuchomwa hawezi kumtilia mkewe shaka kwa damu isiyo yake. Hata mtoto mdogo angeona hivyo.

"Mwambie mama," alisema mara alipoingia, kabla hajamtua mtoto. "Mwambie nani alichomwa."

Kondo alimwangalia mama yake. Akamwangalia mkewe. Nje walikwisha kukusanyika majirani, wale wale walioonyeshwa alama ya mwiba.

"Nilichomwa mimi," alisema Kondo. "Mkono huu."

"Baba Mwamini!"

"Na kama damu yangu haimo, haimo. Sayansi haimwonei mtu."

Mwanajuma alikwisha kuuzoea uongo wa Kondo, ulikuwa mwingi na hauumi. Huu ulikuwa umemkanyaga mtoto. Mwamini alikuwa macho pale begani kwake, anamsikiliza baba yake akimtoa ndani ya nyumba kwa sentensi moja.

Alimwendea Kibwana karakanani. Kibwana aliendelea kupiga randa ubao uliokwisha kunyooka.

"Shemeji, nionee huruma," alisema. "Nikisimama nikasema nilikwenda nawe Kibaha, naitwa kwa jina la mumeo, naitikia, watu watasema nini? Watasema mwizi kajileta mwenyewe."

Na hapo, kwa masikitiko, alikuwa na akili kuliko kaka yake. Wangesema hivyo hivyo. Bi Tatu alikuwa anamtafuta huyo mwanamume kwa udi na uvumba, na kila aliyewahi kumsaidia Mwanajuma kutwika ndoo alikuwa ameanza kupita njia nyingine. Watoto wa jirani nao walipata jina jipya la kumwita Mwamini, jina ambalo watoto hawalijui mpaka wafundishwe na wakubwa. Papo hapo Bi Tatu alikwisha kumpata mke mwingine wa kumwoza mwanawe. Wapi? Maneromango. Binti wa kaka yake mwingine. Damu safi, ya nyumbani.

*

Baraza lilikaa Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa balozi mwenyewe, maana migogoro ya nyumba kumi husikilizwa na balozi na ilionekana ni usumbufu kutafuta mwingine. Alikuwapo mwenyekiti wa kijiji, alikuwapo Mwalimu Salehe wa madrasa, na Mzee Mwishehe alitoka Maneromango kwa miguu akiwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mshtakiwa alikalishwa karibu na kuku.

Kondo alieleza kwa huzuni ya kupendeza. Hataki ugomvi. Anataka talaka ipite kwa amani, mwanamke aende kwao na mtoto wake, na yeye awasamehe wote.

"Mwanajuma, una neno?" mwenyekiti aliuliza, huku ameanza kuangalia nje.

"Ninalo. Talaka naikubali."

Bi Tatu alishusha pumzi.

"Naikubali leo hii, mbele ya baba yangu. Ila naomba kitu kimoja. Mwalimu alete msahafu, Kondo aweke mkono aseme, Wallahi sindano ile ya Kibaha iliingia mwilini mwangu. Akisema hivyo naondoka, na kila jina mlilonipa nalibeba. Nitalibeba mimi na mwanangu."

Mwenyekiti aliacha kuangalia nje. Watu wa Vihingo walikuwa na mashaka juu ya mambo mengi, juu ya shamba la kijiji, juu ya vyoo, juu ya redio, lakini hakuna aliyekuwa na mashaka juu ya msahafu. Mwenye kuuapia uongo haoni mwaka. Mwalimu Salehe alikwenda kuuleta mwenyewe, akaufungua kitambaa chake cheupe.

"Haya, balozi. Neno dogo tu."

Kondo aliunyoosha mkono. Ukafika nusu. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kamba ya filimbi.

"Sina udhu," alisema.

"Haki kabisa," alisema Mwalimu Salehe. "Katawadhe."

Kondo alichukua kopo la maji, akatoka kwa mlango wa uani. Watu wakangoja. Mwenyekiti alisimulia habari za mbegu za korosho, akazimaliza. Jua lilihama kutoka ukuta huu kwenda ule. Laasiri ikaadhiniwa.

"Mwanangu akitawadha huwa anatawadha vizuri," alisema Bi Tatu, lakini sauti ilikuwa imeanza kumpotea.

Mtu alitumwa uani. Alirudi na kopo, limejaa.

Nawe ungedhani hapo mambo yamekwisha, mwanamke ameshinda, wazee wamwombe radhi. Hukai na wazee, wewe. Mwenyekiti alishauriana nao kwa minong'ono, akatangaza kwamba shauri limeahirishwa mpaka balozi atakapomaliza udhu. Mwanajuma hakuwa mzinzi, lakini pia hakuwa asiye mzinzi. Akae hapo katikati, asubiri.

*

Alisubiri mwezi mzima, na mvua ikamrudia mtoto. Mafua kwanza, kisha mifupa. Safari hii alipomwinua Mwamini kwenda kupanda lori, alimkuta Bi Tatu kwenye njia, kanga kiunoni, mgongo ameuinamisha.

"Nipe," alisema Bi Tatu.

"Unampeleka wapi mtoto wa kuokotwa?" Mwanajuma alimrudishia neno lake.

"Nimesema nipe. Wewe umechoka."

Hakuomba radhi. Bi Tatu hakuwahi kuomba radhi tangu azaliwe, na hakutaka kujifunzia kwa mkwewe. Lakini alimbeba mtoto njia yote, na kwenye basi, mtu alipouliza kama huyo ndiye yule, Bi Tatu alimwambia afunge mdomo asije akaingiza mafua.

Hospitalini Mwamini alilazwa, akawekewa dripu mkononi. Bi Tatu alimfuata Daktari Didas, akakunja mkono wa gauni.

"Nichome mimi. Mwanangu kasafiri."

Daktari alimchoma, akaenda, akarudi. "Na wewe unayo, bibi. Ile ile ya mama Mwamini."

Bi Tatu alikaa chini.

"Nitakuwa nimeitoa kwa mama yangu," alisema. "Baba yangu alikuwa mtu safi sana."

Mwanajuma alitaka kumpiga, na alitaka kucheka, na kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia mbele ya wodi nzima bila kujificha. Bi Tatu alimsogezea ncha ya kanga yake bila kumwangalia.

Kondo aliingia mchana. Kumbe alikuwa amejificha Pangani pale pale Kibaha, kwa rafiki anayefuga nguruwe wa mtu, na Kibwana ndiye aliyemfikishia habari kwamba mtoto kazidiwa. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi.

"Udhu umekwisha?" mama yake alimwuliza.

Daktari Didas aliinua kichwa. "Huyu nani?"

"Mimi Kondo Mwinyimadi. Baba wa mtoto."

"Wa pili, sasa," alisema daktari. "Yule wa kwanza alikuwa mrefu."

Hakuna aliyecheka. Mwanajuma alisimama. Alikuwa ameyatunga maneno mengi kwa mwezi ule mzima, usiku kwa usiku, mengine makali ya kutoboa. Yote yalikimbia isipokuwa haya.

"Umemkana mwanao kwa sababu ya sindano, Kondo. Sindano! Ungenikana mimi ningesamehe. Kiti kile pale. Ukikaa, kaa. Hukai, mlango ni huo, na wazee waambie udhu wako umekubaliwa."

Kondo alikaa. Alikunja shati, akautoa mkono kama mtu anayeutoa kwa fisi. Bi Tatu alisogea karibu kuangalia vizuri, na hiyo ilikuwa na maana kwamba wilaya nzima ya Kisarawe ingejua matokeo kabla ya magharibi. Nesi akamfunga mpira juu ya kiwiko. Macho ya balozi yalizunguka wodi kutafuta mtu wa kumwonea huruma, kwa mama yake, kwa mkewe, kwa daktari. Hakumpata.

"Inauma?" aliuliza.

Kutoka kitandani, mkono mdogo umefungwa plasta mpaka kwenye vidole, Mwamini alimjibu.

"Kidogo tu, baba. Usiangalie."